Ukiitwa kwa TV Jumapili asubuhi, beba karatasi

Juzi kijana mmoja amenitumia ujumbe, "Kaka, nimeitwa kwa TV Jumapili asubuhi niketi na mbunge, nianzie wapi?" Nimeusoma mara tatu, maana mimi niliitwa hivyo hivyo na nikarudi nyumbani sitaki kuonana na mtu.

Siku hiyo nilitoka Umoja, hapa Nairobi, saa kumi na moja alfajiri, hoja zangu zote nimeziandika kwa simu. Wakanipaka poda, wakanifunga maiki kwa kola, tukaanza na kupitia magazeti kama kawaida na hapo nilikuwa moto kweli. Halafu tukafika pesa za kaunti. Nikasema kwa sauti kubwa katiba ya Kenya inataka kaunti zipewe asilimia 15 ya bajeti. Mheshimiwa hakunikatiza, alingoja nimalize, akaniuliza polepole, "Ya bajeti ama ya mapato? Na mapato ya mwaka gani?"

Nikanyamaza. Mubashara.

Akatoa kitabu cha katiba akasoma Kifungu cha 203: si chini ya asilimia 15 ya mapato yote yanayokusanywa na serikali ya kitaifa, na inapigwa kwa hesabu za karibuni zilizokaguliwa na kupitishwa na Bunge la Taifa. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba hicho kifungu kilikuwa changu! Bunge likichelewa kupitisha hizo hesabu, kaunti zinapimiwa kwa mapato ya zamani, na yeye ni mbunge, ningemuuliza yeye. Jioni mama akanipigia, akauliza tu kama nimekula.

Basi nikaanza kutazama wenzetu wanavyofanya. Marekani wana kipindi cha kuhoji wanasiasa, Meet the Press, kiko kwa TV tangu 1947, na Tim Russert aliyekiendesha kuanzia 1991 hadi 2008 alikuwa anamwekea mgeni maneno yake mwenyewe ya zamani kwa skrini, anayasoma, halafu anauliza. Hapigi kelele. Uingereza Andrew Marr alikaa BBC kila Jumapili 2005 mpaka 2021, naye pia ni karatasi mkononi. Nikaelewa kosa langu lilikuwa wapi.

Mwaka jana nikaitwa tena, mada ni hiyo hiyo. Nilibeba karatasi moja tu: Seneti ilitaka kaunti zipate shilingi bilioni 465 kwa mwaka wa 2025/26, Bunge la Taifa likasema 405, wakakubaliana 415. Nikamuuliza mgeni mwenzangu alisimama upande gani, akazunguka, nikauliza tena, akazunguka, na mtangazaji mwenyewe akamrudishia hilo swali. Nilitoka pale kifua mbele, sitaficha.

Kwa hivyo soma, andika, beba karatasi. Na vijana wenzangu niwaambie ukweli, tunalalamika wanatudharau kwa meza lakini Hansard, ile rekodi rasmi ya yanayosemwa Bungeni, iko bure kwa tovuti ya Bunge na hatuifungui, Kifungu cha 35 cha katiba kinatupa haki ya kupata habari na hatuombi hata barua moja! Hasira tunayo ya kutosha, namba ndio hatuna. Soma namba moja mpaka mzizi wake, ujue imetoka wapi na nani aliipitisha.

Mdogo wangu, nitumie jina la huyo mheshimiwa leo. Ijumaa jioni nipigie, mimi nitajibu kama yeye na wewe uniulize, na Hansard nitakuwa nimeshaifungua.