Kutangaza Ubadhirifu wa Kiongozi Redioni: Je, Ni Ghiba?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Mimi ni binti, mtangazaji wa redio hapa Mombasa. Nimepata karatasi zinazoonyesha basari (fedha za msaada wa karo) za wadi yetu zimelipwa, na wanafunzi wenyewe hawajaona hata shilingi. Kuna kijana fomu yake imepigwa muhuri wa kuidhinishwa, naye yuko sokoni Kongowea asukuma mkokoteni. Ustadh wa mtaani asema kumtaja kiongozi hadharani ni ghiba, yaani kusengenya, na ni fitna, anasihiwe kwa siri. Mamangu alia niache. Nifanyeje?

JAWABU: Waalaykumu salaam, mwanangu. Swali lako limeninyima usingizi, kwani jawabu ulilopewa nalisikia kila uchao, na linawaziba midomo wanyonge kwa jina la dini.

Ghiba ni haramu. Lakini Mola asema katika Suratun Nisaa, aya ya 148, kwamba hapendi maneno mabaya yatangazwe, ila kwa aliyedhulumiwa. Hiyo “ila” ustadh ameipeleka wapi? Hind binti Utba alimshtakia Mtume (s.a.w.) kuwa mumewe, Abu Sufyan, ni bahili, hampi cha kumtosha yeye na wanawe. Abu Sufyan alikuwa mkubwa wa Makureshi. Mtume hakumwambia “nyamaza, wasengenya”. Alimruhusu achukue kinachomtosha kwa wema. Imam Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa hadithi, naye amelitaja shtaka la aliyedhulumiwa katika mambo sita yanayohalalisha kumtaja mtu.

Nasaha ya siri ina mahali pake: kiongozi akilewa nyumbani kwake, mfuate faraghani. Karo ya yatima si siri yake. Ni mali ya watu, na mwenye mali ana haki ya kujua imekwenda wapi. Fitna imeanza siku muhuri ulipogongwa, haianzi siku utakapousoma.

Katiba ya Kenya ya 2010 nayo, Ibara ya 33 yalinda kauli yako na ya 34 chombo chako. Ila hiyo ya 33 yataka pia uheshimu haki na sifa za wengine, na Suratul Hujurat, aya ya 6, yatuamrisha kuhakikisha habari. Basi sema karatasi zinavyosema tu. Mkewe, kabila lake na ya chumbani kwake usiyaguse.

Mamako usimkemee, anakuogopea. Kaa naye baada ya Isha, umsomee utakachotangaza neno kwa neno, na umwambie mhariri wako nani anajua ulipo. Kisha mpigie yule kiongozi kabla habari haijaenda hewani. Akijibu, jawabu lake lisomwe lote, hata likikuumiza.