Picha ya Bibi Isigande Kwenye Kioo

Ujumbe uliotoka Tukuyu wiki hii unauma. Dada mmoja alimtengenezea mama yake sanduku la kumbukumbu lenye kioo mbele, na ndani akaweka picha pekee ya bibi, kibuyu chake na kipande cha kikapu cha milulu, nyasi za kusukia. Mvua zilipokolea, picha ikanata kwenye kioo. Ilipobanduliwa, uso wa bibi ukabaki kwenye kioo.

Dada, pole sana. Uso ule haurudi, kwa hiyo wengine washike hili: picha halisi haiingii sandukuni. Iskaniwe, isafishwe nakala studio, yenyewe irudi kwenye bahasha ya karatasi, mahali pakavu. Hata Joseph Cornell, msanii wa New York aliyeanza kutengeneza masanduku ya namna hii miaka ya 1930, alitumia sana nakala.

Kilichoiharibu picha ya bibi ni kukosa nafasi kati yake na kioo. Baridi ya usiku hugeuza unyevu wa ndani kuwa matone nyuma ya kioo. Picha za zamani zina utando wa jelatini. Ukilowa unalainika, ukikauka unashika kioo kama gundi. Zungushia vijiti vya mbao ndani ya fremu, ili kati ya kioo na picha pabaki walau mm 5.

Sanduku la sm 30 kwa 20 linatosha likiwa na kina cha sm 7. Mbao za paina kutoka Mufindi ni nyepesi na zinakatika vizuri, ila zikiwa mbichi zinapinda, kona zinaachia, kioo kinapasuka. Zipange chini ya paa, kila ubao utenganishwe na mwenzake kwa vijiti, mpaka zikauke kweli. Piga msasa, kisha vanishi mara mbili, usubiri harufu iishe kabisa. Hapa wengi hukosa subira, na picha zao hubadilika rangi.

Kikapu kifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa, kikae kwenye friza wiki 2, wadudu wafe. Usikigandishe kwa gundi, kwa sababu milulu husinyaa na kuachia. Toboa matundu mawili kwenye ubao wa nyuma, pitisha uzi wa pamba, funga fundo kwa nyuma. Kibuyu nacho kifungwe shingoni vivyo hivyo.

Vitu vitatu vinatosha. Ukijaza shanga, barua na vitenge, bibi haonekani tena.

Ubao wa nyuma ufungwe kwa skrubu 6, si misumari. Mvua zikiisha, ufungue, sanduku lipigwe na hewa kivulini siku nzima.