Wadogo benye munaanza tupi, muangalie kichwa mbele ya bei

Wadogo zangu benye munaanza kazi ya mbao hapa Goma, mashini zingine mutazizoea, lakini tupi, ile mashini yenye inachonga pembe ya mbao kwa visu vyenye vinazunguka, muiogope kidogo, na sana sana kile kichwa chenye kinakamata visu.

Tupi nyingi za huku ni okazioni ya Ulaya, inafika na kartoni ya vichwa vya kila aina na muuzaji anasema vyote ni sawa. Haviko sawa! Chukua kitambaa na petroli, sugua ile grisi nyeusi mpaka usome maandishi kwenye chuma. Unatafuta MAN, ni kusema unaweza kusukuma mbao kwa mkono. Ukikuta MEC, hicho ni cha mashini yenye iko na antreneri ya kuvuta mbao, kama hauna antreneri kirudishe hata bakupunguzie bei. Chenye hakina maandishi hata moja, miye sinunui.

Kichwa cha MAN kiko karibu na muviringo, na mbele ya kila kisu kuko limitera, kipande cha chuma chenye umbo moja na kisu. Kisu hakipashwi kupita limitera zaidi ya milimita 1,1. Hapo kinakula kidogo kidogo, hata kikikuta jicho la mbao haikurudishii mbao kwa nguvu, juu mbao ikiruka nyuma njo mkono unaifuata unaingia kwenye visu. Vile vichwa vya mraba vya zamani vyenye kisu kinatoka nje sentimita nzima muviache, hata kama mzee wa atelie ametumika navyo na vidole vyake viko kumi bado.

Tundu la kichwa pia, penye shafti ya mashini inaingia. Shafti nyingi za Ulaya ni milimita 30, lakini kuko vichwa vya inchi moja na robo, ni 31,75. Kinaingia bila kulazimisha, unafurahi, kumbe kinacheza. Kuna batu banajazia kipande cha bati, aa hapana jamani, bila ringi ya kiwanda ya kujaza ile nafasi usiwashe.

Mwendo wa visu unahesabiwa hivi: kipenyo cha kichwa kwa milimita mara 3,14 mara mizunguko kwa dakika, ugawe na 60 000, inatoka mita kwa sekunde. Kichwa cha 120 kwa mizunguko 7 000 kinapata kama 44. Ukae kati ya 40 na 70, chini ya hapo mbao inapenda kuruka nyuma, lakini namba yenye imeandikwa kwenye kichwa njo inaamuru, usiipite.

Kisu cha kuchonga kwa resori ya gari usikubali. Na hata vya kiwanda, ukivinoa uvipime kwa mizani, ile ya bachuuzi ba dhahabu iko sawa kabisa, juu kimoja kikizidi uzito mashini yote inatetemeka. Kisha toa plagi, kaza bulo zote, zungusha kichwa kwa mkono polepole, kikigusa gidi, ule ukuta wenye unaongoza mbao, hata kidogo fungua uanze tena.