Kimo kwanza, kreatinini baadaye: kwa mnaoanza wodi ya watoto

Wadogo zangu, leo asubuhi kwenye raundi mmoja wenu amesoma majibu ya mtoto wa miaka miwili: "Kreatinini 65, figo ziko sawa." Wenzake wakaitikia kwa vichwa, raundi ikataka kusonga mbele. Nikapaza sauti kuliko nilivyokusudia, mkanitazama kana kwamba nimeumwa na nyuki. Naandika haya mjue kilichonishtua.

1. Kiwango kilichochapishwa pembeni mwa karatasi ya majibu mara nyingi ni cha mtu mzima. Kreatinini ni taka ya misuli ambayo figo huichuja kutoka kwenye damu, na mtoto wa miaka miwili ana misuli kiasi gani? Kwa umri huo tunatarajia maikromoli 20 hadi 40 hivi kwa lita. Kwa hiyo 65 huenda ni mtoto aliyekwishapoteza nusu ya uchujaji wake, na mashine haikumwekea hata alama ya nyota.

2. Pimeni kimo. Fomula ya Schwartz ya kukadiria kasi ya uchujaji wa figo, ile iliyorekebishwa 2009, mnaijua: 36.5 mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa kreatinini. Mnaijua, lakini faili zenu hazina kimo.

Hapa sina budi kusema langu. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilimpokea mtoto wa miaka mitatu mwenye maambukizi kwenye damu, amekonda mbavu zinahesabika. Kreatinini 70. Nikaandika kwenye faili "figo: sawa", nikaanzisha jentamaisini, antibiotiki inayoweza kuumiza figo, dozi kamili ya uzito wake. Kimo sikupima, kwa kuwa ubao wa kupimia ulikuwa upande wa pili wa wodi. Siku ya tatu mama yake akaniambia, "Dokta, mwanangu hajakojoa tangu jana jioni." Nikamjibu kwamba mtoto mwenye homa hukojoa kidogo, ampe maji zaidi, nikahamia kitanda kinachofuata.

Siku ya nne uso ulikuwa umevimba. Kreatinini 210, potasiamu 6.8, kiwango cha kuhatarisha moyo. Bingwa wetu akafungua faili, akaweka kidole juu ya yale maneno yangu mawili, asiseme kitu. Akampima mtoto mwenyewe: sentimita 92. Akapiga hesabu kwa kreatinini ya siku ya kwanza, uchujaji ukaja 48, wakati mtoto aliyepita miaka miwili hutarajiwa kuwa na 90 kwenda juu. Na hata hiyo 48 ilimpendelea. Fomula haikuundwa kwa figo zinazoporomoka ghafla, tena mtoto aliyekonda hutoa kreatinini kidogo, hivyo hesabu humpa figo nzuri kuliko alizo nazo. Dawa yangu ilikuta figo zimeshaumia, ikaziongezea.

Alifanyiwa dayalisisi ya tumboni, yaani kusafishwa damu kwa maji yanayopitishwa tumboni, siku tisa. Mkojo ulirudi. Nilikaa na mama yake nikamwambia kwamba aliniarifu mapema nami sikumsikiliza. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza kama mtoto anaruhusiwa kula sasa. Mpaka leo mama akisema mtoto hajakojoa, naacha nilichoshika.

3. Namba moja haitoshi, rudieni. Kreatinini kupanda kwa maikromoli 26.5 kwa lita ndani ya saa 48, au mara moja na nusu ya alichokuwa nacho ndani ya siku saba, ni jeraha la figo la ghafla hata kama karatasi haikuweka alama yoyote. Kreatinini huchelewa siku moja au mbili nyuma ya figo; chati ya mkojo mara nyingi huwahi.

4. Kreatinini ya kichanga wa siku ya kwanza kwa sehemu kubwa ni ya mama yake. Tazameni kama inashuka.

5. Yurea, taka nyingine inayochujwa na figo, hupanda pia kwa upungufu wa maji, kwa steroidi na kwa damu iliyovuja tumboni. Msiisome peke yake.

6. Damu iliyokamuliwa kisigino kwa nguvu hupasuka chembe, potasiamu ikapanda kwenye karatasi tu. Rudieni kwa mshipa, lakini wakati mnasubiri fanyeni kipimo cha umeme wa moyo, kwa sababu siku moja itakuwa ya kweli. Potasiamu juu na kalsiamu chini ajabu? Ulizeni kama damu ilipitia chupa ya kifuniko cha zambarau, ambayo dawa yake ya kuzuia kuganda ina potasiamu na hunasa kalsiamu. Mwezi uliopita mlimtibu mtoto mwenye afya kwa ajili ya chupa hiyo, naye akiwarushia mpira kitandani!

7. Sistatini C, protini ya damu inayopima figo kama kreatinini, ikipatikana, ombeni kwa watoto waliokonda na wenye magonjwa ya misuli, maana hutengenezwa na seli zote zenye kiini na haiegemei sana misuli. Ila steroidi na matatizo ya tezi ya shingo huivuruga, na watoto wetu wa nefrotiki, wale ambao figo zao huvujisha protini, karibu wote wako kwenye prednisoloni, ambayo ni steroidi.

Kesho kwenye raundi nitaanza kitanda namba moja, na swali la kwanza ni sentimita. Huyo wa 65 mrudieni leo jioni, na mumuulize mama yake habari za mkojo.