Bei ya intaneti inaongeleka, ila msiende mmoja mmoja

Swali lenu la wiki hii, "Nyumbani kwako mnapunguza vipi gharama za intaneti na simu, na umewahi kuiomba kampuni ikupunguzie?", limenigusa kwasababu mie jambo hili nalishughulikia kila mara pale kwetu Michenzani, kwenye majumba ya ghorofa, mpaka majirani wamezoea, likizuka suala la mtandao wananigongea mlango. Jibu langu ni ndiyo, nimeomba na nimepata, lakini hapa Zanzibar njia yake siyo ile ya wenzetu walioko nje na mtu akienda kichwa kichwa atarudi na jibu lile lile la "bei imepangwa makao makuu".

Nianze na hao wa nje maana ndio tunaowasikia wakisimulia. Dada yangu anaishi London na yeye ana mkataba wa intaneti ya nyumbani. Kule kuna Ofcom, mamlaka inayosimamia kampuni za simu na intaneti kama ilivyo TCRA yetu, na tangu Februari 2020 kampuni inalazimika kumjulisha mteja kabla mkataba wake haujaisha na kumwambia bei nzuri zilizopo. Basi dada akiupata ule ujumbe anapiga simu anawaambia mie nahama, wanampeleka kwenye kitengo cha kuzuia wateja wasiondoke, huko ndiko anakopunguziwa. Na simu ya mkononi ndio kabisa, tangu Julai 2019 mtu anatuma tu neno PAC kwenda 65075 anapewa msimbo wa kuhama na namba yake, hana haja hata ya kuongea na mtu. Sasa sie wengi huku simu zetu ni za kulipia kabla, unajiunga bando likiisha unajiunga jengine, hamna bili wala mkataba wa kutishia kuuvunja. Mwenye bando la elfu moja akipiga huduma kwa wateja kuomba apunguziwe, yule binti anaepokea hana pa kubonyeza akampunguzia hata akitaka, mnaumizana bure.

Kwahiyo jambo la kwanza nnalowaambia majirani ni kujua pesa inatokea wapi. Chukueni nyumba ya watu wanne, kila mmoja anajiunga bando la siku la shilingi 1,000. Hiyo ni 4,000 kwa siku, kwa mwezi 120,000, na hakuna anaeiona kwasababu inatoka vipande vipande, mtoto kaomba elfu, baba kajiunga mwenyewe dukani, mama katumiwa na shemeji. Ukimwambia mtu huyo huyo alipe elfu sabini ya waifai ya nyumba kwa mwezi anashtuka anasema ghali mno! Sisemi waifai ndio jibu la kila nyumba, kuna wazee wawili wanaopiga simu tu na kusikiliza mawaidha, hao bando la mwezi linawatosha sana. Lakini nyumba yenye wanafunzi wa skuli na watu wanaoangalia video, kaeni chini mpige hesabu ya mwezi mzima.

Na kwenye waifai ya nyumbani ndiko maongezi yalipo. Pale kwetu tulitaka faiba, yaani intaneti ya waya, mwishoni mwa 2023. Jirani mmoja wa juu alikwenda peke yake, akaambiwa pesa ya kufungiwa ni laki na kitu, rauta, kile kifaa kinachotoa waifai, anunue, halafu alipe mwezi wa kwanza kabla, akakata tamaa. Nikamwambia subiri bwana, tuulizane kwanza. Tukazunguka ngazi yetu, yaani nyumba zote za jengo zinazopanda kwa ngazi moja, mlango kwa mlango, nani anataka, nani anaweza kulipa kila mwezi bila kusuasua, nani anataka lakini mpaka mumewe arudi safari. Tukaandika majina ya walio tayari kweli kweli, na namba za milango.

Sababu ya kufanya hivyo inatokana na kazi yenyewe ilivyo. Gharama kubwa ya kampuni ni kuuleta waya wa faiba kutoka barabarani mpaka kwenye jengo, mafundi kupanda, kutoboa, kuweka lile boksi la kugawia. Boksi likishawekwa kwenye ngazi, kumuunganisha jirani wa mlango wa pili ni waya mfupi na kazi ya muda mdogo tu. Kwahiyo mteja mmoja akiomba asilipe pesa ya kufunga anaomba kampuni iingie hasara, wateja wa ngazi nzima wakiomba wanaomba kitu ambacho kampuni inaweza kukitoa na bado ikabaki na faida. Hapo ndipo mtu wa ofisini anakusikiliza.

Tulikwenda wanawake wawili na mzee mmoja wa ghorofa ya chini ambae anaheshimika, tena tulikwenda asubuhi kabla hapajajaa. Kijana wa kaunta tukamsalimia vizuri, tukakaa.

"Karibuni mama zangu, niwasaidie nini?"

"Mwanangu, tunataka faiba, na siyo nyumba moja. Majina haya hapa, bloki moja, ngazi moja."

Akaitazama ile karatasi, akageuza nyuma akaona kuna majina mengine. "Mama, bei ya kifurushi siwezi kuigusa, inatoka makao makuu."

"Sawa, hiyo hatukuombi. Pesa ya kufunga je?"

Akanyamaza kidogo, akasema ngoja nimuite meneja.

Hapo ndipo pa kupashika. Bei ya mwezi mfanyakazi wa kaunta kweli haiwezi, na ukimganda nayo unamfanya akuone mgomvi. Lakini kuna vitu pembeni mwa bei ambavyo meneja wa tawi ana ruhusa navyo, pesa ya kufunga, rauta iwe ya kuazimwa isiwe ya kununua, spidi ya juu kwa miezi ya mwanzo, tarehe ya kulipa iwe baada ya mishahara. Meneja akatuondolea pesa ya kufunga sote na rauta tukapewa za kampuni, kwa sharti tusaini pamoja na tusihame ndani ya mwaka. Mzee wetu akasema yote hayo yaandikwe kwenye mkataba kabla hatujasaini, na yakaandikwa, jambo zuri sana kwasababu yule meneja baadae alihamishwa na aliekuja hakuwa anajua chochote kuhusu makubaliano, tukamuonyesha karatasi yakaisha.

Kuhusu spidi, hapa watu wanalipa pesa nyingi bila haja. Netflix wenyewe wanasema picha safi ya Full HD inahitaji Mbps 5, Mbps ndio kipimo cha spidi, na ile safi zaidi ya 4K ndio 15. Simu ya WhatsApp haifiki hata huko. Nyumba yenye TV moja na simu nne tano, kifurushi cha 20 kinawatosha vizuri kabisa, lakini ukifika kaunta utaelezwa 50 ndio inayofaa familia. Ukiona waifai inasuasua chumbani angalia kwanza rauta imewekwa wapi, hizi kuta zetu za zege zinakula mawimbi, na wa nyumba za mawe Mji Mkongwe ndio zaidi. Kuihamisha rauta kutoka nyuma ya kabati mpaka kwenye korido ya kati hakukuongezei bili. Kwa nyumba nyingi punguzo kubwa kuliko lote ni kushuka kifurushi tu, na hilo huombi ruhusa ya mtu.

Jengine ni siku ambazo huduma haipo. Mtandao ukikatika siku nzima na wewe ushalipia mwezi, hizo ni siku zako, ziombe. Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari zinazoleta intaneti Afrika Mashariki, EASSy na Seacom, zilikatika, mtandao ukazorota Tanzania nzima na nchi jirani. Kila mtu alilalamika barazani. Sie tulipiga picha za skrini za kipimo cha spidi, tarehe zinaonekana, tukaandika barua moja ya ngazi nzima tukaomba siku ziongezwe, zikaongezwa. Hatukugombana na mtu. Siku hizi kila nyumba mtoto mmoja ana kazi ya kuandika kwenye simu mtandao umekata lini na umerudi lini, na tunaripoti siku hiyo hiyo ili tupewe namba ya ripoti, maana bila ile namba ukienda mwisho wa mwezi unaambiwa kwenye kompyuta hakuna kitu.

Nirudi kwenye bando maana wengi ndio wanaotumia. Huwezi kuongea bei lakini una haki zako na watu hawazidai. Kanuni zilizotoka 2021 zinataka kampuni ikujulishe bando likifika asilimia 75 na likiisha, na isikukate salio la kawaida baada ya bando kuisha bila ya wewe kukubali. Pia ukinunua bando lile lile kabla muda wake haujaisha, MB zilizobaki zinaendelea na wewe. Hili la mwisho ni pesa kabisa! Watu wanaacha GB nzima inakufa saa sita usiku kisha asubuhi wanajiunga upya. Na salio likikatwa bila ridhaa yako piga, dai, ukisumbuliwa TCRA wana namba ya bure 0800008272.

Na msiseme sauti ya mteja haifiki popote. Aprili 2021 bei mpya za mabando zilitoka watu wakaona GB zimepungua ghafla, kelele zikawa kubwa nchi nzima na serikali ikazisitisha zile bei. Mie hilo nalikumbusha kila mtu anaeniambia eti sie wateja hatuna nguvu.

Halafu kuna kuhama mtandao. Hapa Unguja na Pemba watu wengi wamefungwa na namba, mtu ana 0777 yake tangu enzi za mwanzo za Zantel, namba imo kwenye vitabu vya jamaa wote mpaka Oman, anaona akihama ataipoteza. Haipotei. Tangu Machi 2017 unaweza kuhamia mtandao mwengine na namba yako ile ile, unakwenda kwa wakala wa mtandao unaoutaka na kitambulisho chako, na unatuma neno PORT kwenda 15080. Ila kabla ya kuhama toa pesa zote zilizomo kwenye akaunti ya pesa ya simu, tumia salio na bando maana haviendi na wewe, na kama ulikopa vocha lipa kwanza. Kisha pita kwenye benki na popote ulipounganisha huduma ya pesa na namba hiyo uwaambie. Na hata kama huna nia ya kuhama, jaribu hivi, laini usiyoitumia sana iache kimya muda, mara nyingi kampuni inakuletea ofa ya kukurudisha ambayo mteja wa kila siku haioni. Kila unapotaka kujiunga pitia ile menyu ya "ofa zako" kwanza, usikimbilie bando ulilolizoea, bei ya mle unawekewa kwa matumizi yako wewe na ya jirani yako inaweza kuwa nyengine.

Mdogo wangu yuko Wete, Pemba, na yeye ananiambia dada hayo ya ngazi ni ya mjini, huku tutayafanyaje. Ni kweli kwao kampuni za kuchagua ni chache na nyumba zimeachana. Lakini pale karibu yao pana maduka, chuo cha Quran na nyumba za walimu, zote kwenye njia moja, na mie nimemshauri waorodheshane waende pamoja na sheha awe nao, kwasababu kampuni inayosita kuuvuta waya kwa nyumba moja inaweza kuuvuta kwa njia nzima. Ameanza kuandika majina. Wasichokubaliana bado ni nani atabeba jukumu la kukusanya malipo, na hilo lazima walimalize kabla hawajakwenda ofisini, sie tulikataa kabisa kukusanya, kila nyumba ina akaunti yake na inalipa yenyewe kwa simu, asielipa anakatiwa yeye tu.

Kitu kimoja nawaomba sana, hasa wenye wazee nyumbani. Watu wakisikia habari za punguzo ndio matapeli nao wanapata pa kupitia. Anapiga mtu anasema mama nakupigia kutoka kampuni ya simu umepata ofa ya intaneti nusu bei, nisomee namba zilizokuja kwenye ujumbe. Kampuni haiombi namba ya siri wala zile namba za kwenye ujumbe ili ikupunguzie bei, kata simu, kisha namba yake iripoti kwa kutuma kwenda 15040, ni bure. Mama yangu nshamwambia akipigiwa na mtu wa namna hiyo ajibu tu "mwanangu yuko ofisini kwenu sasa hivi, ongea nae", na mpaka leo hakuna aliepiga tena.

Mkataba wetu wa sasa unaisha karibuni na safari hii ngazi ya upande wa pili wanataka kuingia na sie. Tutaomba spidi ipandishwe kwa bei ile ile, na ikishindikana basi tupewe huduma bure mwezi wa mitihani ya Kidato cha Nne, maana tuna watoto kadhaa wanaofanya mwaka huu.