Herufi Moja Isiyolingana

SWALI: Mheshimiwa mhariri, cheti changu cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa usajili wa vizazi Tanzania, kinasomeka "Mwanaidi", ilhali cha kidato cha nne kimeandikwa "Mwanaid". Naomba ufadhili wa shahada ya uzamili nchini Uingereza. Je, tofauti hii itaniponza?

JIBU: Huenda ikakuponza, ndugu msomaji, kwa kuwa anayepitia maombi hakujui na hulinganisha majina herufi kwa herufi. Kabla hujaomba pasipoti, ambayo hutolewa kwa kufuata cheti cha kuzaliwa, mwone wakili akuandalie hati ya kiapo inayoeleza kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja, kisha uiambatanishe na kila nakala ya cheti hicho cha kidato cha nne cha NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania. Barua za wadhamini nazo, yaani za wahadhiri wanaokupendekeza, ambazo haziandikwi kwa siku moja, ziombwe mapema, zikibeba jina lilelile la pasipoti.