Tangi la Maji Chumvi Kisumu: Panga Mabomba na Mchanga kwa Ajili ya Stima Kupotea

Anayetaka kuanza tangi la maji chumvi huku Kisumu huja na orodha ya samaki. Mimi humuuliza kwanza: stima ikipotea saa tisa usiku, maji yaliyo juu yataenda wapi? Mvua za radi za huku ziwani hazipigi hodi, na stima ya mtaa haichelewi kufuatana nazo. Ukilijibu swali hilo kwa kalamu na karatasi kabla hujanunua hata elbo moja, sehemu kubwa ya kazi umeimaliza. Mabomba, ukubwa wa tangi la chini, hata kina cha mchanga, vyote vinatokana nalo.

Mpangilio wa kawaida ni huu. Tangi la samaki linakaa juu ya kabati, na ndani ya kabati kuna tangi la pili, ambalo wenyewe huliita sampu. Humo ndimo hukaa hita, kichujio cha povu (kile kinachotoa uchafu kwa mapovu) na pampu. Maji hufurika juu ya kizingiti chenye meno, huteremka kwa bomba hadi kwenye sampu, kisha pampu huyarudisha juu. Pampu ikizimika, maji hayatulii hapo hapo. Yaliyozidi kizingiti humalizia kushuka, na bomba la kurudisha nalo hugeuza kazi: huanza kuyavuta maji kuyaleta chini, kama mpira wa kunyonyea petroli, na haliachi mpaka mdomo wake upate hewa.

Chukua tangi la sentimita 120 kwa 50. Kila sentimita moja ya kina ni lita 6. Mdomo wa bomba la kurudisha ukiwa sentimita 10 chini ya uso wa maji, lita 60 zitashuka, na hapo hujahesabu yaliyo ndani ya mabomba na ndani ya kisanduku cha kufurikia. Sampu ya sentimita 80 kwa 40, yenye kimo cha 40, ikiwa imejaa nusu inabaki na nafasi ya lita 64 tu. Sakafu yako iko mashakani. Inua mdomo huo hadi sentimita 2 chini ya uso, au toboa tundu la milimita 5 au 6 kwenye bomba hilo kwa kiwango hicho, na zile lita 60 zinakuwa 12. Tundu lisugue kwa mswaki wa zamani kila unapobadilisha maji, maana mwani na konokono wadogo hulipenda sana.

Kuna watakaokushauri ufunge valvu ya njia moja na usahau hayo mahesabu. Mimi sikubaliani nao. Chumvi hujikusanya kwenye ulimi wa valvu, punje moja ya mchanga hukwama, na siku unayoihitaji haifungi. Ifunge ukipenda, lakini piga hesabu kana kwamba haipo.

Upande wa kushusha maji ndiko wageni wengi hujibana. Bomba moja linatosha hadi siku konokono atakapoingia akaziba. Nafasi ikikuruhusu, weka matatu ya inchi moja na nusu. La kwanza linajaa maji tupu bila hewa na linarekebishwa kwa valvu ya geti, kwa sababu koki ya kugeuza robo haikupi marekebisho madogo madogo. La pili linapitisha maji kidogo yaliyobaki. La tatu ni kavu siku zote, linangoja ajali, na hilo usilitie valvu kamwe. Mtindo huu unajulikana kama BeanAnimal, na uzuri wake ni ukimya. Sharti lake ni moja: mwisho wa bomba la kwanza uzame sentimita 2 au 3 tu ndani ya maji ya sampu. Ukizama sana, stima ikirudi hewa iliyo ndani ya bomba inashindwa kutoka, mvuto wa kuteremsha maji haujiwashi, na wewe uko kazini Kondele bila habari.

Sasa vifaa. Fundi wako wa mabomba anaijua kazi, ila amezoea maji matamu. Atakuja na mabomba ya plastiki ya PPR na viungo vyenye nyuzi za shaba nyeupe, pengine na nipo ya chuma. Mwambie mapema, kwa adabu: hakuna chuma, hakuna shaba, mahali popote maji yanapogusa. Shaba ikiyeyuka kidogo tu inaua kamba, konokono na matumbawe, hata kama samaki wanaonekana wazima, na mawe na mchanga huinyonya kisha huiachilia polepole. Tumia PVC ya presha na elbo, tii na yunioni za plastiki. Kwenye tundu la kioo tumia konekta ya plastiki, ileile ya tangi la maji la paa, mpira wake ukikaa upande wenye maji. Ifunge kwa mkono kisha robo mzunguko zaidi. Spana kubwa hupasua kioo.

Kabla ya kutoboa, muulize aliyekutengenezea tangi kama kioo ni cha kawaida au kimekazwa kwa moto. Kilichokazwa ukikigusa kwa drili kinasambaratika chote mara moja. Cha kawaida hutobolewa kwa biti ya almasi, polepole, kikimwagiwa maji muda wote, na tundu liwe mbali na ukingo angalau kwa upana wake lenyewe. Silikoni nayo isiwe ile ya bafuni yenye dawa ya kuzuia kuvu.

Unganisha mabomba yote makavu kwanza, weka alama ya kalamu kila kiungo, halafu ndipo upake gundi. Gundi ya PVC haina kubembeleza, ikishashika ni msumeno tu. Weka yunioni pande zote za pampu, kwa sababu utaitoa kila baada ya miezi michache kuilaza kwenye siki ili chokaa itoke. Kila elbo inapunguza nguvu ya pampu, na kimo kinapunguza zaidi, kwa hiyo usiiamini namba iliyo kwenye boksi. Ile hupimwa pampu ikiwa haipandishi maji popote. Mimi hutafuta mzunguko wa kama mara tano ya ujazo wa tangi kwa saa kupitia sampu, na mawimbi yaliyobaki nawaachia pampu ndogo za ndani.

Gundi ikilala siku nzima, jaza maji matamu, washa, kisha nenda ukutani uzime swichi. Usiguse koki yoyote, stima ikipotea haitakuomba ruhusa. Tazama maji yanapofika kwenye sampu. Chora mstari wa kiwango cha juu kabisa ambacho sampu inaweza kufanya kazi bila kumwagika baada ya kuzimwa, na usiuvuke hata siku umechoka. Washa tena, zima tena, mpaka uridhike kwamba mvuto unajiwasha wenyewe. Hita ikae pale ambapo maji hayatawahi kushuka yakaiacha kavu. Nyaya zote zining'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone likidondoka lidondoke sakafuni. Na ile frijigadi ya jikoni, inayosubiri dakika kadhaa stima ikirudi, inafaa kabisa hapa, maana stima ya kurudi ndiyo huchoma pampu.

Mchanga sasa, na hapa nina msimamo. Vitabu vinakupa njia mbili. Kitanda kifupi, yaani tabaka la mchanga la kina cha sentimita 2 hadi 5, ni cha sura na cha viumbe wadogo. Kitanda kirefu, sentimita 10 hadi 15 za mchanga laini, kina tabaka la chini lisilo na oksijeni, na humo bakteria huigeuza naitreti, mabaki ya uchafu wa samaki, kuwa gesi ya naitrojeni inayopanda ikapotea hewani. Katika miaka ya 1980 Jean Jaubert, mtaalamu wa Ufaransa, alikwenda mbali zaidi akaacha nafasi tupu ya maji chini ya mchanga. Njia hizi zinafanya kazi. Lakini kitanda kirefu kinavuta pumzi usiku na mchana. Uchafu uliozama ndani yake unatumia oksijeni, na pampu zikisimama kwa muda wa saa nne, unaigombea oksijeni hiyo na samaki wako.

Kwetu hali ni ngumu zaidi. Maji chumvi hubeba oksijeni pungufu kuliko maji matamu, maji ya joto hubeba pungufu zaidi, na Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa yenyewe imepungua. Kwa anayeanza huku, nasema sentimita 3 hadi 4, basi. Ukitaka kitanda kirefu, kiweke kwenye ndoo au chumba cha pembeni cha sampu unachoweza kukitenga. Kile cha sentimita 12 kikishazeeka kikavurugwa, kinaweza kutoa gesi ya haidrojeni salfaidi, yenye harufu ya yai viza, ambayo ni sumu kwa samaki.

Halafu kuna uzito. Lita moja ya mchanga mkavu ni kama kilo moja na nusu. Kwa tangi letu la 120 kwa 50, sentimita 4 ni lita 24, kama kilo 36. Sentimita 12 zinapita kilo 100, juu ya kilo 300 za maji. Kama umepanga ghorofani Milimani, panga tangi likae kando ya ukuta unaobeba jengo, si katikati ya sebule.

Mchanga wa ujenzi unaoletwa na lori kutoka mitoni usiuguse, hata ukiwa bure. Ni wa kwatzi, umejaa udongo na madini ya chuma. Unaoutaka ni wa kalisi kaboneti, aragonaiti, punje za milimita 1 hadi 2. Zilizo laini zaidi pampu itazipeperusha juu ya mawe. Una shaka? Weka kijiko kimoja kwenye siki: wa kalisi hutoa mapovu, wa mto unakaa kimya. Wala usimtume binamu anayekwenda Pwani akuletee gunia la ufukweni au vipande vya matumbawe. Ndani ya hifadhi kama ile ya Malindi, iliyotengwa mwaka 1968, kuchota chochote ni kosa. Nunua kwa muuzaji wa samaki wa mapambo mwenye leseni.

Mawe hutangulia, yakae juu ya kioo cha chini chenyewe, ndipo mchanga umwagwe kuyazunguka. Ukiyaweka juu ya mchanga, kamba au samaki mchimbaji atafukua chini na mnara uanguke. Mchanga mkavu uoshe kwenye ndoo hadi maji yatoke safi, kazi ya kuchosha mgongo, kisha jaza tangi ukimwagia maji juu ya sahani. Pampu ya kurudisha isiwashwe hadi ukungu utulie, punje zisije zikala rota yake.

Maji ya mfereji yana klorini. Maduka ya kujaza maji mitaani huuza yaliyochujwa, ila mengine huongezewa madini, kwa hiyo nenda na kipimo chako cha madini. Walio Nakuru wachunge visima vyenye floridi nyingi, na usiku wa kule unadai hita yenye nguvu kuliko hapa. Chumvi iwe ya tangi la bahari, gramu 35 hadi 38 kwa lita. Ya mezani ni sodiamu kloridi tupu na iodini. Hata ya Gongoni kule Pwani, ingawa inatoka baharini, magnesi yake nyingi ilibaki kwenye maji yaliyomwagwa.

Kwa joto la Kisumu maji hukauka upesi, chumvi hubaki. Jazia maji matamu kila jioni, usizidi ule mstari wa sampu. Subiri wiki nne hadi sita amonia na naitraiti, sumu zinazotokana na uchafu, zifike sufuri, na kabla ya samaki wa kwanza nunua pampu ya hewa ya betri. Jiwe lake la kutoa mapovu lilaze karibu na mchanga, liinue maji ya chini hadi juu stima ikipotea.